Triko Nyeupe ya Mdogo Wangu

Mnisamehe mapema, ninyi mtakaosoma gazetini. Mwandiko wangu si mzuri. Mwalimu wetu alizoea kusema kwamba herufi zangu zinalala kama majani baada ya mvua kubwa. Makosa mtayakuta mengi, maana niliacha shule baada ya darasa la tano, na ninaandika polepole: neno moja, kisha ninaangalia ukuta, kisha neno lingine. Lakini jambo hili ninalibeba kwa furaha, na kwa mdomo siwezi kulisimulia vizuri, kwa sababu watu wakiniangalia maneno yananikimbia. Nataka kueleza jinsi nilivyofua triko ya mdogo wangu, yaani sweta yake ya sufu, bila kuiharibu, na bila kumpa mtoto funza.

Tunakaa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, kila mstari na bomba lake la maji. Kabla ya hapo baba alifanya kazi Kisenge. Huko Kisenge mama alimpeleka mtoto hospitalini akiwa mgonjwa sana, akarudi mikono mitupu. Hilo hatukulizungumza nyumbani. Lakini mama alipopata mimba tena, bibi yangu, mama yake mama, alipanda treni kutoka Kasai, akabadilisha treni Tenke, akafika kwetu na kikapu cha kuku mmoja na maneno haya: "Huyu mutoto, nitamulea mimi." Sisi wa Kasai bibi tunamwita kaku.

Kaku alikuwa fundi wa kufua. Nguo za pamba alizichemsha nyuma ya nyumba katika nusu ya pipa, juu ya mawe matatu, pamoja na maji ya majivu yaliyochujwa. Alizikoroga kwa mwiko mrefu kama anapika bukari, yaani ugali, ya watu wa harusi. Kisha alizipiga kwenye jiwe, akazisuuza, akatia buluu kidogo ili ziwe nyeupe zaidi, na mashati ya kanisani akayapitisha katika maji ya muhogo ili yasimame. Waya wetu wa nguo ulionekana kutoka mbali. Wanawake waliokwenda bombani waligeuza vichwa.

Mwisho wa yote ilikuwa pasi ya makala, yaani ya makaa ya moto. Kaku hakuruhusu kitambaa chochote kimguse mtoto kabla ya kupigwa pasi, kikiwa cha moto mpaka kinanuka moto. Mtu wa kwetu anajua sababu. Kuna nzi wa rangi ya kahawia anayekaa kivulini, penye unyevu. Anataga mayai yake kwenye nguo mbichi. Ukimvalisha mtoto nguo hiyo, funza wanaingia ndani ya ngozi, kila mmoja anatengeneza kipele chake, na mtoto analia usiku na mchana. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mtoto mmoja alijaa funza mgongo mzima. Kaku alimwona mtoto yule siku chache baada ya kufika kwake, na tangu hapo alikuwa akisema: "Moto njo daktari wa nguo," yaani moto ndio daktari wenyewe.

Mdogo wangu alizaliwa mvua zilipokuwa zinaisha, kabla ya wakati wake, mdogo kama sungura. Kolwezi iko juu, na baridi inapoanza si mchezo. Asubuhi moshi unatoka mdomoni, na majani yanakuwa meupe. Mama alikuwa amejifunza kufuma katika fuaye, ile nyumba ambapo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Akafuma triko mbili za sufu nyeupe, na kofia yake. Sisi sote tulizishika kwa zamu, tukazipitisha shavuni.

Triko ya kwanza ilipochafuka, kaku aliitupa katika pipa pamoja na vitambaa vya pamba.

Sitasahau uso wake alipoitoa kwa mwiko. Triko ilikuwa imekuwa fupi, nene na ngumu kama kipande cha blanketi la farasi. Kaku aliivuta huku, akaivuta kule, haikukubali. Aliianika hivyohivyo, labda alifikiri jua litairudisha. Jua halikuirudisha, ila lilimwonyesha jirani yetu wa ng'ambo ya njia.

Jirani huyo alikuwa mama mmoja wa Katanga ya kaskazini, mwenye watoto wengi na ulimi usiolala. Alisimama mbele ya waya wetu, ndoo kichwani.

"Mama, hii triko munafumia panya?"

Kaku aligeukia pipa lake.

"Ao ya kuku? Kuku yenu iko na baridi, ni kweli. Ninyi bantu ba Kasai munapikaka kila kitu, mpaka bilamba!" Bilamba ni nguo.

Wanawake waliokuwa bombani walicheka. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye beseni, na nilitamani beseni liwe refu kama kisima. Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Yote matatu yalibaki kooni.

Basi ikabaki triko moja tu, na baridi yenyewe ilikuwa bado kuanza sawasawa. Kaku aliapa hataigusa. Mama naye aliogopa kuifua. Mtoto akaivaa mchana na usiku, akaitapikia maziwa, mpaka ikawa ya njano kifuani na kunuka.

Kila majuma mawili watoto wachanga walipelekwa kupimwa uzito. Aliyewapima alikuwa mwuguzi mzungu ambaye wote tulimwita madamu. Alisema Kiswahili cha kwetu, kwa sauti ya chini. Siku ile nilimsindikiza mama. Madamu alimfungua mdogo wangu, akanusa triko, akamtazama mtoto kwenye mizani, na uso wake ukabadilika.

"Mama, uzito haupandi. Mutoto mudogo hivi anatafuta joto na usafi. Nguo hii ni chafu, na nguo chafu ya sufu haina joto. Mara ijayo kama iko hivi, nitamulaza hospitali, tumutunze huko."

Alisema kwa upole kabisa. Lakini mama aliposikia "hospitali" alimfunga mtoto mgongoni haraka, akakosea fundo, akafunga tena. Njia nzima alitembea upesi, akinitangulia. Nilijua yuko wapi: yuko Kisenge.

Nyumbani ndipo maneno yalipoanza.

"Katika fuaye wanasema sufu inafuliwa na maji ya vuguvugu, kama ya kuogesha mutoto," mama alisema. "Haichemshwi, haipigwi pasi."

"Na funza?" kaku aliuliza. "Fuaye inasema nini juu ya funza?"

"Kaku, si kila nguo iko na funza."

"Moja inatosha! Unataka mutoto wa kilo mbili afugie nzi ndani ya mwili? Mimi sikupanda treni kuja kuzika."

Mama akalia. Kaku akatoka nje, akakaa karibu na pipa lake lililopoa. Na mimi niliyesikia yote niliona kwamba wote wawili wana haki. Maji ya moto yanaharibu sufu. Bila moto, funza. Lilikuwa kama tundu lenye milango miwili, na kila mlango una nyoka.

Jibu lilikuja kutoka kwenye suruali ya baba. Baba alikuwa na suruali moja ya sufu, nyeusi, ya kwenda misa. Hakumwachia mtu suruali hiyo. Kila Jumamosi jioni aliitandaza mezani, akaweka juu yake kitambaa cha pamba kilicholowa maji, kisha akapitisha pasi juu ya kitambaa kile. Mvuke ulipanda mpaka usoni kwake. Suruali haikuungua, haikung'aa, haikupungua hata kidogo. Nilikuwa nimemwangalia miaka yote bila kuona. Jumamosi ile niliona. Baba alipoinua pasi, niliweka kiganja changu juu ya mguu wa suruali, nikakiondoa upesi. Ilikuwa na joto kali, ndani mpaka upande wa pili.

"Unaungua, mama," baba aliniambia. Baba ananiita mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Hapana, tata," nilisema, nikaenda kufikiri.

Nilimweleza kaku asubuhi, kwa sauti yangu ndogo, kwamba huenda mvuke wa kitambaa utaua mayai ya nzi bila kuharibu sufu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ngozi ya tata yako ni ngumu kama kiatu. Funza itavunja meno. Ngozi ya mutoto si ile." Akarudi kwenye kazi yake. Hakuwa na ubaya. Alitaka kuona, si kusikia. Na mimi kusema si kazi yangu.

Basi nikaamua kumwonyesha.

Katika kikapu cha mama kulikuwa kumebaki donge dogo la sufu ileile nyeupe. Nilifuma mikanda miwili, upana wa vidole viwili, ya kufunga mkononi. Niliifua yote miwili kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikailaza pamoja nyuma ya bafu, kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu, pale hasa ambapo kaku alitukataza kuanika hata kitambaa cha sakafu. Niliona kwa macho yangu nzi wa kahawia akishuka. Niliwaacha washuke.

Kesho yake niliikung'uta mikanda. Mmoja niliupiga pasi chini ya kitambaa kilicholowa, kama baba, mbele na nyuma, mpaka mvuke ukaisha. Wa pili sikuugusa, niliuacha ukauke wenyewe. Ule wa pasi niliufunga mkono wa kulia. Ule mwingine niliufunga mkono wa kushoto. Nikavaa blauzi yenye mikono mirefu, nikaendelea kuchota maji.

Sikumwambia mtu. Kama ningesema, wangenizuia.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuwasha. Vipele viwili vilitokea, vyekundu, vikakua, kila kimoja na tundu dogo katikati. Vilinichoma kama sindano, hasa jioni. Mkono wa kulia niliuangalia mara nyingi nikiwa peke yangu bafuni. Ulikuwa safi kama sahani. Nilikuwa na maumivu, na nilikuwa ninacheka peke yangu.

Kaku ndiye aliyenikamata, tukiwa tunachambua sombe, yale majani ya muhogo ya mboga.

"Weye, unakuna nini?"

"Hapana kitu, kaku."

"Leta mukono."

Alipandisha mkono wa blauzi, akausukuma mkanda kando. Aliona vipele, akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alileta mafuta ya mawese, akapaka nene juu ya matundu, tukasubiri mpaka funza wakakosa hewa wakachungulia. Kaku akabinya kwa vidole gumba. Akatoka mmoja, mnene na mweupe. Akatoka na wa pili. Kaku aliwaponda kwa kisigino, na kwa hasira.

"Nani alianika bilamba kwenye kivuli? Nani?"

"Ni mimi, kaku."

"Weye?"

Nikafungua mkanda wa kulia, nikauweka kwenye paja lake. Nikaweka na wa kushoto. Nikamwambia yote: mchanga wa nyuma ya bafu, nzi, pasi, kitambaa. Kisha nikampa mkono wangu wa kulia.

Kaku aliuvuta mkono mpaka mlangoni penye mwanga. Aliupitia kwa kucha, juu na chini, kama anatafuta chawa. Aliunusa. Aliushika mkanda wa pasi akaunyoosha. Ulikuwa laini, ulinyooka ukarudi. Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Muke mwenzangu," aliniambia, maana kwetu bibi na mjukuu wa kike wanataniana hivyo, "unajua weye ni wazimu?"

"Ndiyo, kaku."

"Kujipandia funza mwenyewe, kama mihogo!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akapangusa macho kwa kitenge. Kisha akasimama. "Lete pasi. Lete na ile triko inayonuka."

Tulifua siku hiyohiyo, kabla jua halijawa kali. Kwanza niliilaza triko juu ya karatasi ya dukani, nikachora umbo lake kwa kalamu, ili nijue baadaye niirudishe wapi. Sabuni niliikwangua kwa kisu, nikaiyeyusha mpaka hakuna kipande. Maji niliyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto. Kaku alitaka kusugua, mikono yake ilikuwa imezoea. Nilimshika vidole, nikamwonyesha kukandamiza na kuachia, kukandamiza na kuachia. Maji yakawa ya njano, tukabadilisha. Maji ya kusuuza yalikuwa na joto lilelile, maana sufu haipendi kushtuliwa. Hatukukamua kwa kuzungusha. Tuliiviringisha ndani ya taulo, kaku akakalia taulo.

"Sasa inatoka harufu," alisema kutoka pale juu. "Ni harufu ya munyama. Kumbe hii ni nywele!"

"Ndiyo, kaku. Nywele za kondoo."

"Na mimi nilichemsha nywele! Nani anachemshaka nywele?" Alitikisa kichwa, na nikajua kwamba jambo limekwisha kuingia, halitatoka tena.

Tuliilaza mezani ndani ya nyumba, juu ya karatasi ile, tukaivuta taratibu mpaka ikafika kwenye mistari: mabega, mikono, shingo. Juu tukatandika chandarua, nzi asipate njia. Ilipobaki na unyevu kidogo tu, baba alitia makala kwenye pasi yeye mwenyewe, akanipa. Nikaweka kitambaa kilicholowa. Nilipitisha pasi mbele, nyuma, kwenye kwapa, kwenye kila mshono, na mvuke ukajaa chumba. Mama alikuwa amesimama na mtoto mikononi. Nilipoinua kitambaa, triko ilikuwa nyeupe, imejaa, laini kama siku ile tulipoipitisha shavuni. Ilimwenea mdogo wangu. Alipiga chafya ndani yake, akalala.

Siku ya mizani ilipofika, benchi lilikuwa limejaa. Jirani yetu wa ng'ambo alikuwa hapo na mtoto wake wa mwisho.

"Aa, ba Kasai banafika," alisema. "Leo munaleta mutoto, ao iko ndani ya sufuria bado?"

Wanawake walicheka. Mama alikaza macho mbele.

Madamu alimpokea mdogo wangu. Alishika triko kwa vidole viwili, akaigeuza, akaangalia shingo, akaangalia mishono kwa ndani. Aliivua. Alimgeuza mtoto tumbo, mgongo, akatazama mikunjo ya shingo na mapaja. Hapakuwa na kipele hata kimoja. Alimweka kwenye mizani, na safari hii alitazama mara mbili.

"Inapanda," alisema. "Mama, inapanda vizuri. Mutoto atabaki kwenu."

Mama alifunika mdomo kwa mkono.

"Nani alifua hii?" madamu aliuliza.

Mama angeweza kujibu. Alifungua mdomo, kisha akaufunga akanigeukia. Benchi zima likanigeukia. Masikio yangu yakawa ya moto. Niliangalia miguu yangu, nikaangalia triko pale kwenye meza, nyeupe.

"Ni mimi," nilisema.

"Na funza? Bamama wote hapa wananiuliza juu ya funza."

Basi nikasema. Nilianza kwa sauti ndogo, mtu akapaza "Hatusikii!", nikaongeza. Nilieleza maji ya kiwiko na taulo na karatasi na chandarua. Nilieleza suruali ya baba. Nilipofika kwenye mikanda, nilipandisha mikono ya blauzi, nikawaonyesha makovu ya kushoto na ngozi safi ya kulia. Mama mmoja alisema "Yesu!" Mwingine alisimama aje aguse. Madamu alikuwa ameacha kuandika.

Nilipomaliza, jirani yetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Mama weee! Kumbe huyu mutoto anasemaka!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka pamoja nao. Kicheko hakikunichoma. Tuliporudi, mama hakumfunga mdogo wangu mgongoni. Alimbeba mbele, mikononi, uso nje, ili kila mtu njiani aione triko. Alipita njia ndefu kwa makusudi, mbele ya duka na mbele ya kanisa, na alikuwa akiimba.

Siku iliyofuata jirani alibisha mlangoni.

"Hodi. Nakuja kuomba chumvi."

Kaku alimtazama kitenge chake, kilivyovimba ubavuni. "Chumvi yako iko na mikono, mama. Mukono mumoja unatoka hapo."

Jirani akacheka, akatoa triko ya mwanawe, ya kijani, na soksi zake. Kaku akamvutia kiti, akampa kwanza chumvi, kisha akaniita: "Muke mwenzangu! Njoo ufundishe mama." Nikamfundisha, na alipotaka kusugua, kaku ndiye aliyempiga vidole.

Tangu hapo meza yetu haikosi sufu ya watu. Baridi imerudi, na sasa wanakuja hata kutoka mistari ya mbali ya kambi. Mdogo wangu amenenepa, anaanza kutembea, na triko ile imekuwa ndogo kwake kwa sababu yeye amekuwa mkubwa.

Lakini kuna kazi moja imetushinda, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika. Mama mmoja ameleta triko nyekundu yenye kola nyeupe. Tulilowesha pembe tu, maji yakawa mekundu, tukaogopa, tukaacha. Mama anasema tutie siki. Kaku anasema chumvi. Baba anasema kola ifumuliwe ifuliwe peke yake. Ninyi mnaosoma, mliofua sufu ya rangi mbili mkafaulu, niandikieni mlivyofanya, na maji yalikuwa ya namna gani. Andikeni upesi kidogo, maana mtoto mwenye triko hiyo anakua.